Lori la Jeshi Ambalo Magurudumu Yake ya Mbele Hayavuti

Lori la jeshi la Marekani liitwalo M35 lilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baada ya malori mapya kuingia jeshini katika miaka ya 1990, mengi ya zamani yaliuzwa kwa raia, na hata leo yako yanayofanya kazi. Kwa kawaida lina tairi kumi na ekseli tatu, na ekseli zote tatu zaweza kuvuta. Lakini mara nyingi hutokea lori likaingia matopeni, magurudumu ya nyuma yakachimba shimo, na yale ya mbele yakatulia tu. Hapo fundi asiye na subira hufungua sanduku la pili la gia, yaani lile ligawanyalo nguvu kwenda mbele na nyuma, akapoteza siku nzima na fedha za mwenye lori. Kumbe kosa lilikuwa mpira wa hewa uliopasuka.

Kwanza yafaa kujua lori lina sanduku la aina gani, maana ziko mbili. Katika aina ya kwanza dereva hana kishikio cha kuunganisha ekseli ya mbele. Ndani ya sanduku mna kifaa kinachoshika chenyewe. Shafti iendayo mbele imepangwa izungushwe na injini polepole kidogo kuliko inavyozungushwa na barabara, basi lori linapokwenda vizuri kifaa hakishiki. Magurudumu ya nyuma yakiteleza, mwendo wa sanduku huzidi, kifaa kikashika, na ekseli ya mbele ikaanza kuvuta.

Kwa sababu hiyo tairi ni jambo kubwa katika lori la namna hii. Mwenye lori akifunga tairi mpya mbele na kuacha zilizolika nyuma, kifaa chaweza kushika hata juu ya barabara kavu, na hapo tairi huliwa upesi na usukani huwa mzito. Akifanya kinyume chake, kifaa huchelewa kushika. Fundi na apime tairi kabla ya kugusa spana. Tena, kwa kurudi nyuma kifaa hicho hugeuzwa na fimbo zitokazo kwenye giaboksi. Fimbo zikilegea au zikifungwa vibaya, lori huvuta vema likienda mbele lakini halivuti likirudi nyuma.

Aina ya pili ilikuja baadaye, nayo huunganishwa kwa hewa. Dereva hugeuza kishikio, hewa hupita katika bomba mpaka kwenye silinda ndogo iliyo juu ya sanduku, na silinda husukuma uma unaounganisha meno ya shafti ya mbele. Hapa fundi afuate njia ya hewa tangu mwanzo wake. Aanze na geji: kama hewa haifiki ratili 60 kwa kila inchi ya mraba, asitafute kosa mahali pengine, bali atengeneze pampu au mahali panapovuja. Hata breki za lori hili, ingawa ni za mafuta, husaidiwa na hewa hiyo hiyo, kwa hiyo lori lisiendeshwe katika hali hiyo.

Hewa ikiwa ya kutosha, afungue bomba pale linapoingia katika silinda, na mwenzake ageuze kishikio. Hewa isipotoka, kosa liko katika kishikio au katika bomba. Maji ya sabuni yataonyesha panapovuja. Ikitoka kwa nguvu, kosa liko mbele zaidi: silinda imeshika kutu, au mpira wake umekwisha, au uma umelika.

Ili kuhakikisha kama meno yameungana, lori liwekwe mahali pakavu palipo sawa, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa magogo mbele na nyuma, kisha gurudumu moja la mbele liinuliwe kwa jeki na ekseli iegemezwe juu ya gogo imara. Mtu asiingie chini ya lori lililoshikwa na jeki peke yake. Injini ikiwa imezimwa, kishikio kigeuzwe, na gurudumu lizungushwe kwa mkono. Likikataa kuzunguka, meno yameungana. Likizunguka pamoja na shafti ya mbele, hayajaungana; pengine yamekutana ncha kwa ncha, basi lizungushwe kidogo yapate kuingia. Bali gurudumu likizunguka na shafti ikasimama, kiko kilichovunjika ndani ya ekseli.

Iko pia shida ya kinyume, ya ekseli kukataa kuachia baada ya lori kupita juu ya lami. Hapo meno yamebanwa kwa sababu magurudumu ya mbele na ya nyuma hayakwenda mwendo mmoja. Dereva aweke kishikio mahali pa kuachia, kisha arudi nyuma polepole hatua chache, na kwa kawaida meno yataachana.