Anapigia mstari kila kitu

Swali: Binti yangu yuko kidato cha tatu. Anasoma Wasifu wa Siti Binti Saad, na kurasa nzima anazipigia mstari. Kweli anaelewa?

Jibu: Mzazi mwenzangu, mistari mingi hivyo ni woga wa kuacha kitu. Mpe penseli, pembeni aandike maneno. (Kitabu cha maktaba? Atumie daftari.) Mwandishi wa wasifu huo, Shaaban Robert, ni msifiaji hodari, kwa hiyo kila penye sifa aulize: hili ni tukio au maoni? Nani kamwambia mwandishi? Siti, mwimbaji wa taarab, kwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928 ni tukio. Kumtukuza ni hukumu ya mwandishi. Utajua amekua siku atakapoandika pembeni “sikubali”, na chini yake sababu.