SOMO LA UFUNDI: JOTO LA KUKAUSHIA NA KUTU YA MABATI



Leo tunazungumza na wenzetu wa karakana za zinki, hasa wale wanaosimama kwenye tanuri la kukaushia. Bidhaa zikirudishwa kiwandani na kutu, lawama huwashukia wao kwanza. Inafaa basi wajue jambo lenyewe lilivyo.

Chuma huchovywa katika zinki iliyoyeyushwa, joto lake nyuzi 450 hivi za sentigredi. Zinki huliwa kwanza badala ya chuma. Ndiyo kazi yake. Lakini mabati yakirundikwa yameloa, zinki nayo hutoa ungaunga mweupe, yaani kutu nyeupe. Ili kuzuia hilo, viwanda vingi vimezoea kuchovya bidhaa katika dawa ya kromi, nayo huacha utando mwembamba, mara nyingi wa manjano.

Utando huo haufanani na rangi ya mlango. Ukitoka katika dawa bado ni laini na una maji ndani yake. Maji hayo ndiyo yanayoiwezesha kromi aina ya sita kusogea hadi penye mkwaruzo na kuuziba. Ukikaushwa kwa joto linalozidi sana nyuzi 60, maji hutoka, utando hupata nyufa ndogo mno, na kromi iliyobaki haiyeyuki tena. Kwa macho bidhaa ni nzuri vile vile! Inyunyizie maji ya chumvi, utaona inashika kutu mapema. Kwa hiyo anayeamuru tanuri lipandishwe ili mzigo utoke upesi ndiye anayeharibu kazi, wala si kijana wa zamu. Kila zamu iandike joto la tanuri daftarini, pamoja na jina la aliyetoa amri.

Bolti ngumu zilizopakwa zinki kwa umeme zina utaratibu wake. Hizo huokwa kwa nyuzi 190 hadi 220 ili haidrojeni itoke, zisije zikakatika. Kuoka huko hufanywa kabla ya dawa ya kromi, si baada yake.

Tena, kromi aina ya sita ni sumu. Mwaka 1990 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliihesabu miongoni mwa vitu vinavyowaletea binadamu saratani, na tangu Julai 2006 Ulaya imeibana katika vyombo vya umeme. Ziko dawa za kromi aina ya tatu, ambazo huvumilia joto zaidi na madhara yake ni madogo. Wajumbe wetu wanapokaa na mwajiri kuzungumzia glovu na vipumulio, waulize pia ni dawa gani imo ndani ya tangi.