Somo la 31: Vazi la Superman na rangi zake

1. Vijana wawili wa Cleveland

Watoto, tukimwona jirani sokoni, twamtambua kwa uso wake. Je, mtu wa kitabu cha picha tutamtambuaje? Uso wake umechorwa kwa mistari michache tu, nao wafanana na nyuso za wenzake. Kwa hiyo mchoraji humpa vazi ambalo mwingine hana.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Superman, shujaa wa hadithi mwenye nguvu za kuinua motokari kwa mikono miwili. Waliombuni walikuwa vijana wawili wa mji wa Cleveland, katika Marekani. Jerry Siegel aliandika hadithi, Joe Shuster alichora. Wote wawili walizaliwa mwaka 1914. Superman alionekana mara ya kwanza mwaka 1938, katika kitabu cha picha kiitwacho Action Comics. Kitabu hicho kiliuzwa senti 10.

2. Kaputula na joho

Watu wengi huuliza: kwa nini shujaa huyu alivaa kaputula juu ya suruali? Jibu latoka kwenye sarakasi. Zamani wanaume wenye nguvu walioinua vyuma vizito mbele ya watu walivaa nguo ya kubana mwili, na juu yake kaputula fupi. Shuster aliwafuata hao. Mtoto wa siku zile alipoona vazi lile alielewa mara moja: huyu ni mtu wa nguvu.

Na joho jekundu la mabegani lina kazi gani? Picha iliyochapwa haiendi. Lakini joho likipeperuka nyuma, macho yetu yaona kwamba mtu huyu anakwenda mbio.

3. Rangi na mashini ya kuchapa

Rangi kubwa za Superman ni tatu: bluu, nyekundu na njano. Tufahamu vizuri sababu yake.

Vitabu vile vilichapwa juu ya karatasi hafifu kama ya magazeti. Mashini ilitumia wino wa namna nne tu: wa bluu, wa waridi, wa njano na mweusi. Rangi nyingine zote zilipatikana kwa kuchanganya hizo. Mahali pengine wino uliwekwa kwa nukta ndogo ndogo. Ukitazama ukurasa kwa kioo cha kukuza, utaziona nukta hizo. Waridi juu ya njano hutoa nyekundu. Karatasi hafifu hunywa wino, na rangi za kufifia huharibika upesi. Lakini bluu, nyekundu na njano huonekana wazi, hata kwa mbali.

Tazameni mfano mwingine. Mwaka 1962 Stan Lee na Jack Kirby walimtoa shujaa aitwaye Hulk. Katika kitabu cha kwanza ngozi yake ilikuwa ya kijivu. Wachapaji hawakuweza kuishika rangi hiyo: ukurasa mmoja ilikuwa nyeusi kidogo, ukurasa mwingine nyeupe kidogo. Basi katika kitabu cha pili Hulk akawa wa kijani, na rangi hiyo ndiyo ijulikanayo na watu wote.

4. Vazi lilivyobadilika

Vazi la Superman halikubaki vile vile. Mwaka 1938 ngao ya kifuani ilikuwa ndogo, nayo ilichorwa leo hivi, kesho vile. Mwaka 1941 alionekana katika sinema za michoro, na humo ngao ilikuwa nyeusi yenye ukingo wa njano.

Kuanzia mwaka 1952 hadi 1958 George Reeves alimwigiza katika televisheni. Mwanzoni picha zilikuwa nyeusi na nyeupe. Bluu na nyekundu zingeweza kufanana katika picha za namna hiyo. Kwa hiyo washonaji walimshonea vazi la kahawia na kijivu! Tangu mwaka 1954 picha zilipigwa kwa rangi, naye akavaa bluu na nyekundu.

Mwaka 1993 alirudi katika hadithi akiwa amevaa nguo nyeusi. Mwaka 1997 alipewa vazi la bluu na nyeupe. Mwaka uliofuata akarudia lile la zamani. Mwaka 2011 wachoraji walimwondolea kaputula. Wasomaji wengi walinung'unika. Mwaka 2018, katika toleo la 1000 la Action Comics, kaputula ilirudi. Katika sinema ya mwaka 2013 hakuivaa. Katika ile ya mwaka 2025 aliivaa.

Mwaona, watoto: mengi yamejaribiwa, lakini herufi S, joho na rangi zile tatu hurudi daima.

5. Ujira wa waliombuni

Sasa sikilizeni jambo kubwa kuliko rangi. Mwaka 1938 Siegel na Shuster waliuza haki zote za Superman kwa dola 130. Wenye kuchapa walipata mali nyingi sana. Wale wawili walipodai sehemu yao mbele ya mahakama, hawakufaulu, na majina yao yakaondolewa kwenye vitabu. Walizeeka katika shida, na macho ya Shuster yakadhoofika.

Mwaka 1975, baada ya watu wengi kuwatetea, kampuni ilikubali kuwapa malipo kila mwaka, na kurudisha majina yao kwenye kurasa. Shuster alifariki mwaka 1992, Siegel mwaka 1996.

Shujaa wa karatasi alibadilishiwa nguo mara nyingi. Waliomvika nguo ya kwanza walingoja karibu miaka arobaini ili watambuliwe. Basi ukiona kazi nzuri, iwe picha, kiti au nyumba, uliza: ni nani aliyeifanya? Je, amelipwa kwa haki?

Maulizo

1. Nani aliandika hadithi ya Superman, na nani alichora?
2. Kaputula ya Superman ilitoka kwa watu gani?
3. Kwa nini Hulk aliacha rangi ya kijivu?
4. Kwa nini vazi la kwanza la televisheni lilikuwa la kahawia na kijivu?
5. Chora shujaa wako. Umpe rangi tatu tu, na useme sababu ya kila rangi.