Kusoma Grafu ya Infraredi: Mfano wa Methanoli na Ethanoli

Makala hii inadhamiria kueleza jinsi mwanafunzi wa kemia anavyoweza kuifasiri grafu ya spektroskopia ya infraredi. Wapo wanaoshikilia kwamba somo hili halielezeki kwa Kiswahili. Dai hilo halina mashiko.

Miale ya infraredi, ambayo William Herschel aliigundua nchini Uingereza mwaka wa 1800, haionekani kwa macho. Inapopita katika sampuli, aghalabu kifungo baina ya atomi hufyonza miale inayolingana na kasi ya mtikisiko wake. Atomi zikiwa nyepesi na kifungo kikiwa imara, kasi hiyo huwa kubwa. Ndiyo sababu oksijeni iliyoungana na haidrojeni hujidhihirisha kwenye mawimbi 3300 hivi kwa sentimita, ilhali kaboni iliyoungana na oksijeni kwa kifungo kimoja huwa kwenye 1000 na ushei. Kifungo kikiwa maradufu, hupanda hadi 1700 hivi. Aghalabu alama hizi huitwa vilele. Katika grafu ya upenyaji, hata hivyo, zinaelekea chini, nami naonelea tuziite mabonde.

Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi baada ya kunywa pombe haramu yenye methanoli; wengine walipofuka. Tuseme pombe ya aina hiyo imeletwa maabarani. Mwanafunzi huona bonde pana karibu na 3300, akakata shauri kwamba ni alkoholi. Hasha! Maji nayo hutoa bonde papo hapo, na sehemu kubwa ya pombe ni maji. (Isitoshe, maji huyeyusha vile vibamba vya chumvi ambavyo hushikilia sampuli katika baadhi ya mashine.) Hata maji yakiondolewa, methanoli na ethanoli zote zina oksijeni iliyoungana na haidrojeni, kwa hivyo bonde hilo haliwezi kuzitofautisha.

Tofauti hujitokeza chini ya 1500, katika eneo linalofananishwa na alama za vidole. Methanoli huwa na bonde kali karibu na 1030, ethanoli karibu na 1050, pamoja na jingine karibu na 880 ambalo methanoli haina. Ikumbukwe kwamba kuliona bonde la 880 si thibitisho la usalama, kwani alkoholi hizo mbili huweza kuwa pamoja chupani. Methanoli ikiwa kidogo, bonde lake humezwa na la jirani yake, na hapo hapana budi kuigeukia kromatografia ya gesi.