SOMO LA WIKI: Namba ya toleo ni ahadi kwa mteja

Mfanyabiashara anayejiandaa kuingiza sokoni bidhaa kubwa hujiuliza: nitangaze tarehe kwanza, au nimalize kazi kwanza? Wiki hii tunapata jibu kutoka kwa FreeCAD, programu ya kompyuta ya kuchorea mashine, vipuri na majengo. Ni programu huria, yaani mtu yeyote anaweza kuitumia bila ada ya leseni, kusoma jinsi ilivyoandikwa na kuirekebisha.

FreeCAD ilianza kutolewa mwaka 2002. Kwa miaka 22 matoleo yake yote yalianza na sifuri: 0.19 mwaka 2021, 0.20 mwaka 2022, 0.21 mwaka 2023. Toleo 1.0 lilitoka Novemba 2024. Kwa nini lichelewe hivyo?

Watayarishaji walijiwekea masharti mawili. La kwanza lilihusu kasoro sugu. Fundi alichora bamba la chuma, akatoboa tundu kwenye uso namba 6. Akirudi nyuma kubadili umbo la bamba, programu ilihesabu nyuso upya. Namba 6 ikawa uso mwingine, tundu likahama au mchoro ukavunjika. Ni kama soko linalobadili namba za vizimba usiku: asubuhi mwenye mkokoteni anashusha nyanya kwa muuza viatu. Sharti la pili lilikuwa chombo cha kuunganisha vipande ndani ya programu yenyewe, bila kutegemea nyongeza za pembeni.

Toleo 1.0 lilitoka na vyote viwili: kasoro ile ilipunguzwa kwa kiasi kikubwa, na chombo kikawemo.

Subira hiyo haikuwa bure. Namba inayoanza na sifuri humwambia mwenye karakana kwamba bidhaa bado iko jikoni, naye huenda akabaki na programu ya kulipia. Tena, kampuni ya Ondsel, iliyochangia sana chombo cha kuunganisha vipande, ilitangaza kufunga shughuli mwaka 2024, wiki chache kabla ya toleo, kwa kukosa njia ya kujiendesha kibiashara. Hata hivyo kazi yake haikuzikwa nayo. Kwa kuwa ilikuwa huria, ilibaki mikononi mwa wote.

Msomaji achukue mambo matatu:

1. Andika masharti ya bidhaa kukamilika kabla ya kuandika tarehe.

2. Masharti yawe machache. Orodha ndefu haimaliziki, na mteja hangoji milele.

3. Ukitegemea mshirika, hakikisha kazi yake inabaki kwako siku akifunga duka.

Tarehe ikipita, mteja hunung'unika na kusahau. Bidhaa ikimharibia kazi, hasahau, na jirani yake atasimuliwa.