Vidonda vya Perege Bwawani

Leo tunajifunza neno moja: bakteria. Bakteria ni vijidudu vidogo mno, huwezi kuviona hata ukivaa miwani. Vimo udongoni, vimo kwenye maji ya mfereji, vimo mikononi mwetu. Vingi havina ubaya. Vingine ndivyo vinavyogandisha mtindi.

Tuseme mtu wa hapa Shirimatunda amechimba bwawa karibu na migomba. Asubuhi anakuta perege wanaelea, tumbo juu. Mara utasikia, "Jirani katia sumu!" Kugombana na jirani ni rahisi kuliko kuchunguza maji. Sisi tuanze na maji.

Je, wamekufa karibu wote kwa usiku mmoja? Basi shuku kwanza ukosefu wa hewa. Pumba na samadi ikizidi, inaoza, na kuoza kunakula hewa iliyomo majini. Usiku mimea ya majini nayo inatumia hewa hiyo hiyo. Ndiyo maana alfajiri samaki hupanda juu wakitweta. Lakini wakifa wawili leo, watano kesho, na wana vidonda, hapo shuku bakteria.

Aina moja inaitwa eromonasi. Inaishi kwenye maji baridi siku zote, na samaki mwenye nguvu anakaa nayo bila shida. Akidhoofika, au akikwaruzwa na wavu, inamwingia. Utaona madoa mekundu, magamba yanatoka, mapezi yanaoza, tumbo linavimba. Mwaka 2019 wataalamu walichapa utafiti juu ya samaki wanaofugwa Nyanda za Juu Kusini na Kaskazini mwa Tanzania. Waliikuta. Siyo jambo la mbali, basi.

Kinachodhoofisha samaki zaidi ni msongamano. Katika bwawa la kawaida la samadi, vifaranga 2 au 3 kwa kila mita ya mraba wanatosha. Bwawa la mita 10 kwa 15 lina mita za mraba 150, yaani vifaranga 300 mpaka 450. Wengine wanamwaga 1,000 wakidhani watavuna zaidi. Wanavuna vidagaa, au vidonda.

Ugonjwa ukiingia, punguza chakula, ongeza maji safi, toa waliokufa na uwafukie mbali na mfereji. Mwite bwana samaki. Wavu uanike juani mpaka ukauke kabisa kabla ya kumwazima mwenzio. Na maji ya bwawa hilo usiyafungulie mferejini, maana huko chini kuna watu wanachota.

Usimwage dawa ya kuku bwawani! Bakteria vikizoea dawa, siku mtoto wako akiugua huenda dawa hiyo isimsaidie.

Mwenye jeraha mkononi asiingie bwawani wala asipare samaki, kwa sababu eromonasi huingia hata kwenye kidonda cha mtu. Samaki mzima mtoe matumbo, mwoshe, mpike aive mpaka ndani. Kuna wanaosema aliyekufa mwenyewe akikaangwa sana analika. Hatukubali. Hujui amekufa saa ngapi, wala kwa nini.

Zoezi: Bwawa lina urefu wa mita 12 na upana wa mita 10. Utaweka vifaranga wangapi? Mwonyeshe mwenzako hesabu yako.