Dondoo muhimu: Kabla hujataja bei kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba

Sangara hukaguliwa kwa macho kabla ya mizani. Funua shavu: matamvua yakiwa mekundu, shikilia bei yako. Yakipauka, viwanda vya minofu vitamkataa na ataishia kutiwa chumvi. Kwa hiyo barafu ianzie mtumbwini, si mwaloni. Aliye chini ya sentimita 50 usimnunue hata kwa bei ya kutupa, sheria inakataza. Bondo, yaani kibofu cha hewa cha sangara, litolewe zima, bila mpasuko wala damu, kwani wanunuzi wa soko la China hulipa zaidi kadiri linavyokuwa kubwa. Ukilichana kwa haraka ya kisu, umejikata mwenyewe. Dagaa? Waanike kwenye chanja, si mchangani. Wenye mchanga huishia kwenye chakula cha kuku, tena kwa bei ya kuku.